Chuo, Chekechea na Lugha ya Mtoto: Madrasa za Awali za Mombasa na Deni Letu Wanakiswahili

Nyumbani kwetu Ganjoni tulikuwa watoto wawili wa rika moja, mimi na mtoto wa ami yangu. Tuliamshwa pamoja, tukanywa chai kwa mahamri ya jana, tukafuatana hadi kona ya barabara, kisha njia zikatutenga. Mimi nilipelekwa katika shule ya chekechea ya kulipia ambayo jina lake nitalisitiri. Mwenzangu alipelekwa chekechea ya madrasa, ubavuni mwa msikiti. Katika shule yangu palikuwa na kibao kilichotungwa uzi. Mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili alivikwa kibao hicho shingoni, akakaa nacho mpaka ampate mwingine wa kumrithisha. Nilikivaa mara nyingi. Mara ya kwanza, kwa mujibu wa kumbukumbu za wakubwa wangu, kosa langu lilikuwa kuomba maji.

Jioni nyanya alituweka barazani akatuuliza tulichosoma. Mimi niliimba wimbo wa Kiingereza juu ya ndege nisiyemjua na theluji nisiyopata kuiona. Nyanya akasikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Ndiyo kusema nini, mwanangu?" Sikuwa na jawabu. Mwenzangu aliimba juu ya kaa anayekimbia ubavu ubavu pwani, na nyanya akamkatiza ili amfundishe ubeti mwingine ambao mwalimu hakuujua. Kesho yake ubeti ule ulipelekwa shuleni na darasa zima likaufundishwa. Sikuelewa wakati ule kwa nini nilimwonea wivu. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kuisoma fasihi simulizi katika kumbi za mihadhara, naelewa: nyanya alikuwa mwalimu msaidizi wa shule ya mwenzangu, na katika shule yangu hakuwa na nafasi yoyote ila ya kulipa karo.

Makala haya yanahusu shule ile ya pili na taasisi iliyoizaa. Sikusudii kuipigia zumari taasisi yoyote, wala kuwashawishi wasomaji wa jarida hili, ambao ni wa dini mbalimbali, waingie au watoke katika imani yoyote. Dai langu ni moja. Kazi ya kumwingiza mtoto wa Pwani katika elimu kwa mlango wa lugha yake, ambayo ilitazamiwa iwe kazi yetu sisi wanakiswahili, ilifanywa kwa miongo kadhaa na shirika la hisani la kidini pamoja na akina mama wa mitaani, nasi hatukuwasaidia. Sasa mazingira yaliyoiwezesha kazi hiyo yamebadilika, na tusipoingia tutaipoteza.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi tulio katika vyuo vikuu tumesahau kwamba kwa mtu wa Mombasa neno "chuo", bila ya kivumishi, lina maana ya mahali mtoto anapofundishwa Kurani. Mtoto hutiwa chuoni angali mdogo, na kwa karne nyingi huo ndio uliokuwa mwanzo wa kusoma na kuandika katika miji ya mwambao. Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo wahadhiri wetu huzitafuta leo kwa taa na tochi, ziliandikwa na watu waliopitia milango hiyo. Chuo kilikuwa mwanzo wa safari ndefu, na katika safari hiyo dini na fasihi hazikuwa na mpaka baina yao.

Uhasama ulikuja na shule ya aina nyingine. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, na mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wakaanzisha makao ya watumwa walioachwa huru huko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa. Walitutendea wema mkubwa katika isimu, kwa kamusi na sarufi zao; hilo hatuwezi kulikana. Lakini shule zao zilikuwa na lengo la kubadilisha dini, na wazazi Waislamu hawakuhitaji kuambiwa. Wengi waliwazuia watoto wao. Serikali ya kikoloni ilipofungua shule ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912, tayari shaka ilikuwa imeota mizizi. Katika miaka ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alitumia magazeti yake, Sahifa na al-Islah, kuwazindua Waislamu wa Pwani juu ya gharama ya kujitenga na elimu ya kisasa. Na aliandika kwa Kiswahili, akijua anayemwandikia ni nani. Mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ikafungua milango, na ndiyo ambayo kwa kupitia majina na hadhi mbalimbali imekuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tangu mwaka 2013. Kwa hiyo taasisi ya kidini inayojishughulisha na elimu si kioja katika mji huu.

Hata hivyo, jitihada hizo zote ziliwalenga vijana na watu wazima. Mtoto wa miaka minne alibaki pale pale: ama chuoni, ama nyumbani. Baada ya uhuru adha ikazidi. Shule za msingi zilizokuwa na sifa zilianza kuwasaili watoto kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Aliyepitia chekechea alijua kushika kalamu, kuzitambua herufi za Kirumi na kuhesabu. Aliyetoka chuoni alijua kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, na pengine amekwisha kuhifadhi nusu ya juzuu ya Amma, jambo linalodai akili na kumbukumbu ya ajabu. Lakini mbele ya msaili alihesabiwa kuwa hajui kitu. Tafadhali msomaji, litafakari hilo. Mtoto ana elimu ya miaka miwili kichwani, na mlangoni anaambiwa yu mtupu.

Mwaka 1982, Aga Khan wa Nne, Karim al-Hussaini, alipokuwa akiadhimisha miaka 25 ya uimamu wake, viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimwomba awasaidie katika elimu ya watoto wao. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Waombaji wengi walikuwa Wasunni. Mwombwaji alikuwa imamu wa Waismailia, jamaa ndogo ya Kishia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na shule zake mjini Mombasa. Watu hao walitofautiana katika mengi ya fikihi na itikadi, na historia ya uhusiano wao si ya mapenzi matupu. Walichokubaliana ni kwamba mtoto wa mtaani hana shule ya kumwandaa. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, Wakfu wa Aga Khan ulianza mradi wa majaribio mwaka 1986, na aliyekabidhiwa kuuongoza ni mwalimu mwanamke wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Miongoni mwa madrasa za awali kufungua milango yake ni ile ya Liwatoni, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu. Mradi huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye ukazihusisha jamii zaidi ya 200 katika nchi tatu. Aga Khan wa Nne alifariki Februari 2025. Taasisi aliyoiacha bado ingali inafanya kazi ya malezi ya watoto katika Pwani ya Kenya.

Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza, mgumu kuutekeleza. Shirika halikujenga shule na kuzimiliki. Lilikwenda msikitini, likazungumza na wazee, kisha, na hapa ndipo penye siri, likataka kuzungumza na akina mama. Jamii yenyewe ilitakiwa iombe, itoe chumba, iunde kamati na iwateue wasichana au wanawake wa mtaa huo huo wawe walimu. Wengi wa walimu hao hawakuwa na vyeti vikubwa. Walifunzwa katika kituo cha nyenzo, wakarudi darasani, mkufunzi akawafuata huko huko, akawatazama, akawarekebisha, akaondoka, akarudi tena. Asubuhi ile ile mtoto alijifunza dua, kunawa mikono, kuhesabu, na herufi za aina mbili. Mbinu za ufundishaji ziliazimwa kwa sehemu kutoka Marekani, katika mtaala uitwao HighScope, unaosisitiza mtoto kuchagua kazi, kuitenda kwa mikono yake na kuieleza. Mitaala ya kuazima aghalabu hutufikia ikiwa na picha za tufaha na treni za chini ya ardhi. Huu ulivuliwa nguo zake mlangoni. Pembe za darasa zilijazwa vifuu vya nazi, kome, kokwa za embe, vizibo vya chupa, ukili, vijaluba na vibao vilivyokwanguliwa na mafundi seremala wa mtaani. Mtoto alihesabu kome kwa sababu kome walikuwapo.

Nimefika sasa katika suala la lugha, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Katika madrasa za awali za Mombasa lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha watu wenye kukizungumza. Wengi wetu tumezoea kulijadili jambo hili kwa upana wa taifa: Katiba ya mwaka 2010 na kifungu chake cha 7, kinachokifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, tangazo la UNESCO la mwaka 2021 kuhusu tarehe 7 Julai. Haya ni mambo ya fahari. Lakini lugha haiishi kwa matangazo. Inaishi pale mtoto wa miaka minne anapotaka maji na kuyapata, bila ya kibao shingoni.

Kwa mintarafu ya lahaja, Mombasa ina kisa chake cha pekee. Ilikuwa katika mji huu huu, mwezi Juni mwaka 1928, ambapo mkutano wa wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya wenyeji wa mkutano, kikaachwa nje ya darasa la mji wake. Tangu hapo mtoto wa Mombasa amekuwa akienda shuleni na maneno ambayo kitabu chasema ni makosa: mato badala ya macho, tini badala ya chini, ndia badala ya njia, mtanga badala ya mchanga. Kuna mzaha wa barazani juu ya mwalimu mgeni ambaye mtoto alimwita, "Mwalimu, ndoo!" Mwalimu akamletea ndoo. Mtoto akarudia kwa sauti ya kulia, "Ndoo!" Mwalimu akaijaza maji. Maskini mtoto alikuwa akimtaka aje tu, amfungue kifungo cha suruali. Tunacheka, lakini mzaha huu wabeba nadharia nzima ya ufundishaji. Mwalimu aliyezaliwa mtaa wa pili hakuhitaji kufunzwa isimujamii ili ajue mtoto anasema nini. Alimwendea, akamfungua kifungo, na baadaye wakati wa hadithi akamsomea neno "njoo" kitabuni bila ya kumwambia kuwa mama yake hajui Kiswahili. Hivyo ndivyo mtu anavyopelekwa kwenye lugha sanifu na heshima yake ikabaki naye.

Naijua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Mzazi wa Ganjoni anaona bandarini, mahotelini na maofisini kwamba anayepandishwa cheo ni mwenye Kiingereza. Anaona mitihani yote, isipokuwa ya Kiswahili na masomo machache, ikiandikwa kwa Kiingereza. Anamtaka mwanawe aanze mapema. Nani atamlaumu? Baba yangu alikuwa mmoja wa wazazi hao, na alijinyima mengi ili mimi nikavikwe kibao. Kosa si kukitaka Kiingereza. Kosa ni kudhani kwamba lugha ya pili humwingia mtoto kwa kuziba njia ya lugha ya kwanza. Ndiyo maana hata sera ya elimu ya Kenya, kwa miaka mingi sasa, inaelekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya awali na ya chini, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 haukuliacha agizo hilo. Sera iko. Iliyokosekana ni shule yenye kuifuata. Madrasa hizi ziliifuata.

Wala hatusemi kwa mapenzi peke yake. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wakalinganisha waliosoma katika madrasa za awali, waliosoma katika chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba watoto wa chekechea za aina zote mbili waliwapita waliobaki nyumbani katika vipimo vya ukuaji wa akili, na wale wa madrasa za awali wakawapita hata wenzao wa chekechea nyingine. Mradi una mambo mengi ndani yake, mafunzo ya walimu, vifaa, kamati, na haitakuwa uadilifu kuyatwaa matokeo hayo yote na kuyatundika kwenye lugha. Ila ni haki kusema hivi: watoto walifundishwa kwa lugha ya nyumbani, na hawakubaki nyuma.

Niruhusiwe sasa kusema kidogo juu ya maneno ya kuombea na kutolea, kwa kuwa sisi ni watu wa maneno. Siku hizi kila anayetoa fedha huitwa "mfadhili", na kitendo chake "ufadhili". Mzizi wake ni fadhila, na fadhila katika Kiswahili ina uzito wa deni. Mwenye kufadhiliwa huinamisha kichwa. Na mwenye kufadhili akilipwa visivyo, ipo methali ya punda ambayo adabu za jarida hili hazinipi ruhusa ya kuimaliza. "Msaada" nao umekuwa neno la magunia ya mahindi. Lakini watu wa mwambao walikuwa na neno jingine tangu kale, nalo ni wakfu. Mtu akiweka shamba au nyumba wakfu, mali ile haiuzwi wala hairithiwi. Hutumika pato lake tu, kwa msikiti, kwa chuo, kwa mayatima, kizazi hadi kizazi. Misikiti mingi ya kisiwa hiki imetunzwa hivyo. Mradi wa madrasa ulipofikia hatua ya kuziachilia shule zijitegemee, ulizisaidia kuweka akiba ambayo mtaji wake haukuguswa na faida yake ndiyo ilitumika. Wataalamu wa fedha walikuwa na istilahi zao za Kiingereza kwa jambo hilo. Wazee wa msikitini, nadhani, hawakuhitaji tafsiri.

Tofauti baina ya fadhila na wakfu ndiyo tofauti baina ya shule inayokufa mfadhili akiondoka na shule inayobaki. Je, zilibaki? Hapa lazima tuseme kweli. Si zote zilizostawi. Mishahara ya walimu ilitegemea karo ndogo za wazazi maskini, na mwalimu aliyekwisha kufunzwa vizuri aliondoka pale alipopata penye malipo bora. Januari 2003 serikali ya Kenya ilipoondoa karo katika shule za msingi, jambo jema lenyewe, chekechea hazikuingizwa katika neema hiyo. Baadhi ya wazazi nchini wakapiga hesabu: kwa nini nilipie miaka miwili ya michezo ilhali darasa la kwanza ni bure? Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ikaikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na baada ya uchaguzi wa 2013 kaunti zikaanza kujenga vituo na kuajiri walimu. Mwalimu wa madrasa akaona ng'ambo ya barabara kuna mshahara wa kila mwezi. Kamati nyingine zilichoka. Wazee waliozianzisha wakafariki, na vijana wao wakapeleka watoto wao kule kule nilikopelekwa mimi.

Wapo wanaosema kwamba, maadamu serikali imeingia, hisani ya kidini imemaliza kazi yake na haina budi kutoka. Sikubaliani nao. Serikali inaweza kujenga darasa, na ni wajibu wake; Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Lakini serikali haina nyanya. Nguvu ya madrasa ya awali ilikuwa katika kumfanya bibi mwenye ubeti wake, seremala mwenye vibao vyake na imamu mwenye chumba chake wawe sehemu ya shule. Wapo pia wenye hofu kwamba shule za namna hii huwagawa watoto kwa dini. Hofu hiyo nisingeipuuza katika nchi yetu. Ila chekechea hizi ziliwapokea watoto wa imani nyingine, na katika mtaa kama Ganjoni, ambapo misikiti, makanisa na mahekalu yanasikilizana sauti, mtoto aliyefunzwa na jirani yake huwajua majirani. Kinachowagawa watoto wetu zaidi ya dini ni karo.

Sasa nasi. Katika idara zetu tunafundishwa fasihi ya watoto. Tunaandika tasnifu juu ya bembezi, chekeo, vitendawili na michezo ya watoto. Tunakwenda nyanjani na vinasasauti. Tunarudi, tunachambua dhima na fani, tunapewa alama, na kazi inakwenda kulala maktabani. Makongamano yetu, yakiwamo yale ya CHAWAKAMA yanayotukutanisha na wenzetu wa Tanzania na Uganda, husikiliza makala mazuri juu ya hatima ya Kiswahili. Sijapata kukisikia kikao hata kimoja juu ya mwalimu wa chekechea na anachokisoma darasani kesho asubuhi. Nyanya zetu tumewafanya "watafitiwa". Mradi ule uliwafanya walimu.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikwenda katika chekechea mojawapo ya msikitini kisiwani. Mwalimu, mama wa makamo aliyefunzwa zamani na mradi, alinionyesha daftari lake. Ndani yake mlikuwa nyimbo, hadithi fupi na vitendawili vilivyoandikwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 20, vingine vikiwa na jina la mtaa vilikotoka na jina la bibi aliyevitoa. Jalada limetengana na kurasa zimeota madoa ya chai. Nilimwuliza kama ana nakala. Alicheka, akaniuliza kama ninajua bei ya kuchapisha kurasa mia mbili. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nyie wa chuo kikuu mna vitabu vya watoto wa miaka minne?" Nilimtajia vichwa vitatu. Vyote aliviona, na vyote, alisema, vimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayejua kusoma tayari.

Ninapendekeza, kwa hiyo, chama chetu kichukue jambo hili kama kazi yake ya mwaka ujao. Walimu kama huyu wapo Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, na wengi wanakaribia kustaafu. Kila mwanafunzi wa Pwani anayerudi nyumbani anaweza kumtembelea mmoja, kwa idhini yake, akanakili alichonacho, akaandika na jina la mwenye kazi, kwa tahajia isiyomfuta Kimvita chake. Wahadhiri wetu wa fasihi simulizi watusaidie kuhariri na kupanga kwa umri wa mtoto. Wenzetu wa sanaa wachore. Nakala za kwanza zirudi kwa walimu wenyewe kabla hazijafika maktabani, na zifike pia katika vituo vya kaunti, ambavyo navyo vinahitaji. Kama taasisi ya kidini itapenda kulipia uchapishaji, tuipokee fedha yake kwa masharti ya wakfu: hati isiuzwe, isimilikiwe na mtu, na pato likiwapo lichapishe toleo la pili.

Daftari nililoliona nimeruhusiwa kulipiga picha, ukurasa kwa ukurasa. Picha ninazo. Ninahitaji watu wanne wa kunisaidia kuzinukuu kabla ya muhula kwisha, na angalau mmoja wao awe anajua kwamba "ndoo" si chombo cha kutekea maji peke yake.